Jibu: Maua ya ndani na mfarishi wa vitenge, kipupwe cha Tabora

Dada, umeuliza ua gani litachanua sebuleni Tabora kipupwe hiki, na kama mabaki ya vitenge kutoka kwa fundi yanafaa kushonea mfarishi, yaani tandiko la viraka. Yanafaa sana!

Kwa ua, tafuta violeti ya Usambara. Ni ya kwetu kabisa: mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa kikoloni wa Kijerumani, alipeleka mbegu zake Ujerumani, na leo inapamba madirisha dunia nzima. Shida ya Tabora Juni hadi Agosti si ubaridi wa usiku tu, ni ukavu na vumbi, na ua hili kwao limezoea unyevu wa msituni. Weka chungu juu ya sinia lenye kokoto na maji kidogo, ila maji yasifike kitako cha chungu. Dirisha la mashariki ndilo zuri. Jua kali la mchana huunguza majani. Mwagilia udongo chini ya majani, maji ya uvuguvugu, maana ya baridi yakidondokea majani huacha madoa. Yaliyonyauka yanyofoe upesi.

Mfarishi sasa. Fua vitenge vyote kabla ya kukata, kwani vingine hutoa rangi na kurudi. Piga pasi, kata kwa kipimo kimoja cha boksi gumu, acha robo inchi ya mshono. Katikati tandika blanketi kuukuu, nyuma kitambaa cha marekani. Anza kupiga bandi, yaani kushikiza kwa mishono mirefu, katikati ukielekea pembeni, la sivyo mfarishi utakunjamana. Vya poliesta mimi naviweka kando. Vinateleza, na pasi yenye moto wa kunyooshea pamba huviunguza.