Mikanda ya mbio iliyokwisha kutumika: ungamo la mtu aliyeifunga vibaya

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia akinitaka nimweleze namna ya kufunga mikanda ya usalama ya mbio za magari, ya mtumba, katika gari analojijengea nyumbani kwa matumizi ya barabarani, na mwishoni akaniuliza kama bado ninayo ile yangu ya zamani na kama niko tayari kumuuzia. Alinitonesha kidonda bila kujua, kwa maana ni mikanda hiyohiyo, niliyokuwa nikiipiga picha kwa majivuno, iliyofanya gari langu likataliwe kwenye ukaguzi mwaka huu.

Niliinunua kwa mtu aliyeniapia kwamba ilikuwa imekaa kabatini tu. Ilikuwa mikanda ya ncha nne, yaani inayoshikwa garini mahali panne, myekundu, yenye kifungio cha kuzungusha katikati, na nilipojifunga nayo kwa mara ya kwanza nilijiona dereva kamili. Gari lenyewe nilikuwa nimelihangaikia miaka minne, fremu nikiichomelea usiku baada ya kazi, na sikutaka jasho lote hilo liishie kwenye mkanda wa kawaida. Habari za kutoboa sakafu na kupaka rangi siwasimulii, mnazijua.

Mkaguzi hakuitazama injini. Alipiga goti kando ya mlango, akakisogeza kile chuma cha kurekebishia urefu wa mkanda wa bega kwa sentimita chache, kisha akaniita nitazame. Pale palipokuwa pamefunikwa na chuma, utepe ulikuwa mwekundu wa damu ya mzee. Kwingineko kote ulikuwa umepauka kama kanga iliyosahauliwa kambani.

“Mzee,” akasema, “hilo kabati lina jua kali.”

Aliyasema hayo mbele ya mwanangu, na mpaka leo sijamsamehe sawasawa, ingawa haki ilikuwa yake. Jua hula nyuzi za nailoni na za polista polepole, na utepe uliokwisha kuliwa unaweza kuonekana mzima mpaka siku utakapobebeshwa uzito. Akatafuta lebo, akakuta matundu ya sindano tu mahali ilipokuwa imeshonwa. Mikanda iliyoidhinishwa na FIA, shirikisho la kimataifa linalosimamia mbio za magari, huwa na lebo inayotaja namba ya kiwango, kwa mfano 8853-2016, pamoja na mwaka ambao baada yake haikubaliki tena mashindanoni. Mtu hakati lebo ya namna hiyo kwa bahati mbaya. Isitoshe, mkanda uliowahi kumzuia mtu katika ajali huwa umekwisha kuvutika na hauna kazi tena, na muuzaji ndiye pekee anayeijua siri hiyo.

Hayo yalikuwa makosa ya muuzaji. Yaliyofuata yalikuwa yangu. Mikanda ya bega nilikuwa nimeipitisha nyuma ya kiti na kuishusha moja kwa moja hadi sakafuni, kwa sababu huko ndiko nilikopata mahali rahisi pa kutoboa. Gari likigonga, mkanda ulioshuka hivyo humkandamiza dereva kuelekea chini, na uti wa mgongo ndio unaolipa. FIA hupendekeza mkanda wa bega uelekee nyuma kwa mteremko usiozidi nyuzi 10, na hairuhusu kuvuka nyuzi 45. Wangu ulikuwa unakaribia kusimama wima. Chini ya sakafu nilikuwa nimeweka washa ndogo za bolti kwenye bati jembamba, ilhali kila kishikizo cha bega na cha kiunoni hutakiwa kuhimili takriban tani moja na nusu, na ndiyo maana bati huimarishwa kwa bamba la chuma lenye unene wa milimita 3 na eneo la sentimita za mraba 40, bolti zikiwa za daraja la uimara la 8.8.

Kisha akaukamata mkanda wa kiunoni akauvuta mara mbili kwa nguvu, nao ukaanza kuteleza mikononi mwake. Nilikuwa nimeupitisha kwenye kile kipande cha chuma chenye pau tatu kinachoushikilia, mara moja tu, bila kuurudisha ili ujibane wenyewe, na nikaacha mkia wa vidole viwili badala ya sentimita 10. Sikuwa na la kujibu.

Ndugu zangu, sisi tunaojenga magari kwa mikono yetu tuna ugonjwa wa kupenda kinachoonekana. Katika mikanda ya ncha nne isiyo na ule wa katikati ya mapaja, mkanda wa kiunoni huvutwa juu na ile ya bega, ukiacha nyonga na kukaa tumboni, nawe ukateleza chini yake. Tena barabarani utajikuta huwezi kuinama uone njia panda, kwa hiyo utailegeza, na mkanda wa mbio uliolegezwa ni mbaya kuliko ule wa kawaida unaojikaza wenyewe. Na kama gari halina paipu imara za kukulinda linapopinduka, mikanda hiyo itakushikilia wima huku paa likikushukia. Someni lebo. Kama hakuna lebo, msinunue. Nasema tena: kama hakuna lebo, msinunue, hata kama muuzaji ni shemeji yenu.

Gari langu lilipita ukaguzi wa pili likiwa na mkanda wa kawaida wa ncha tatu, mpya, wenye alama ya E inayotolewa chini ya Kanuni namba 16 ya Umoja wa Mataifa. Hauna picha ya kujivunia, nao niliufunga kwa mchana mmoja.

Nawe uliyeniandikia, ile myekundu siiuzi. Niliikatakata kwa mkasi wa bati jioni ileile ya ukaguzi, na hata kifungio nilikigonga kwa nyundo, asije mtu akakiokota akakishonea utepe mwingine.