Maswali ya Wasomaji: Bomba la Majitaka Linapita Kiwanjani Kwangu

SWALI: Bomba kuukuu la majitaka la mtaa wetu linabadilishwa. Ukuta wa jiko langu na vyumba viwili vya wapangaji vimepigwa X nyekundu. Naweza kukataa? Na nikikubali nalipwa nini? (Msomaji, Cheyo, Tabora)

JIBU: Kukataa moja kwa moja ni vigumu. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 (Sura 118) inampa Rais mamlaka ya kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma, na usafi wa mazingira umo ndani yake. Halmashauri haitwai kwa jina lake. Inaomba, na wewe unapewa notisi ya maandishi. Kwa kawaida muda wa kuondoka haupungui wiki 6. X ya ukutani peke yake si notisi.

Kabla ya yote uliza: wanatwaa kiwanja kizima, au wanataka njia ya bomba tu? Ikiwa ni njia, kiwanja kinabaki chako, ila hutajenga wala kupanda miti juu ya bomba. Unalipwa kwa ardhi yako kutumika, pamoja na miti, mazao na majengo yatakayoharibika. Wengi hutia saini bila kujua wamekubali lipi kati ya hayo mawili.

Ikiwa ni kutwaa, Kanuni za Fidia za 2001 zinataja mafungu haya. Kwanza ni thamani ya soko ya ardhi na majengo. Posho ya usumbufu ni thamani hiyo mara wastani wa riba ya amana za muda maalumu za miezi 12 benki: kwa mfano, 20,000,000 kwa asilimia 8 ni 1,600,000. Posho ya makazi ni kodi ya soko ya mwezi mara 36, hivyo nyumba ya kodi ya 100,000 inaleta 3,600,000. Posho ya usafiri ni gharama ya kubeba tani 12 ndani ya kilomita 20. Mwenye duka analipwa faida halisi ya mwezi mara 36, kwa hesabu zilizokaguliwa pale zinapohitajika. Daftari la mkononi pekee huenda lisitoshe. Kiwanja kitupu hakipati posho ya makazi wala ya usafiri.

Siku ya uthamini uwepo mwenyewe, pamoja na mwenyekiti wa mtaa. Hesabu miembe, choo, karo, kisima, ukuta na sakafu ya zege kimoja kimoja, hakikisha vyote vimeandikwa, kisha piga picha fomu kabla ya kusaini. Kisichoandikwa hapo ni shida kukirudisha baadaye. Usitegeshe: kilichojengwa au kupandwa baada ya uthamini kuanza hakilipwi. Taarifa huidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, na malipo yakipita miezi 6 lazima yaongezwe riba. Idai kwa barua yenye muhuri wa mapokezi. Ukifika mahali pa kushtaki, Serikali hupewa kwanza notisi ya siku 90, na shauri huenda Mahakama Kuu. Tabora ina kanda yake.

SWALI: Kwa nini wasiweke bomba jipya palepale lilipo la zamani? (Msomaji, Isevya)

JIBU: Swali zuri, na liulizwe kwenye mkutano wa mtaa kabla mthamini hajafika.

Majitaka hutiririka kwa mteremko, hayasukumwi kama maji safi. Bomba la milimita 200 huhitaji kushuka takribani mita 1 kila mita 200, ili mwendo ufike sentimita 60 kwa sekunde na uchafu usitulie chini. Kila kona hudai chemba. Ndiyo maana mhandisi hawezi kuzungusha njia apendavyo ili kukwepa nyumba.

La zamani mara nyingi limeliwa kutoka juu: gesi ya majitaka hugeuzwa na bakteria kuwa asidi inayokula zege. Mizizi ya miembe huingia kwenye maungio, na udongo ukititia, bomba hulala na kupoteza mteremko. Pia nyumba bado zinamwaga wakati kazi inaendelea, kwa hiyo kuchimba palepale kunadai pampu za kupitisha majitaka pembeni usiku na mchana.

Ipo njia ya kulipasua bomba la zamani ardhini na kuvuta jipya la plastiki ndani yake, ambapo huchimbwa mashimo ya kuanzia na kumalizia, na pale nyumba zinapounganishwa. Kwetu sisi, ndiyo ya kuombwa kwanza, kwa kuwa inaokoa kuta za watu. Haifai tu pale bomba lilipotitia, kwani jipya litafuata bonde lilelile na kuziba. Mwombeni mhandisi awaonyeshe vipimo vya kina vya chemba, moja baada ya nyingine. Hivyo ndivyo vinaonyesha kama bomba limetitia.

SWALI: Hati ni ya marehemu baba. Nani asaini? (Msomaji, Ng'ambo)

JIBU: Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Andaeni cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo, mwende Mahakama ya Mwanzo sasa, msisubiri hundi itoke. Na mama, kama yu hai, aandikwe kwenye fomu kuwa anaishi humo.