Kanuni niliyoibandika ukutani

Wiki iliyopita nilimaliza mswada wa kitabu changu. Siku hiyohiyo msomaji mmoja akaniandikia: "Dada, kila kanuni ninayojiwekea naivunja kabla ya wiki 2. Nifanyeje?" Ujumbe huo ulinichoma, maana mimi kanuni moja niliitii miaka 6, na nusura inimalize.

Nilipewa na mwalimu wangu wa uandishi: usiguse ukurasa wa pili kabla wa kwanza haujanyooka. Nikaiandika kwa wino mwekundu, nikaibandika juu ya meza. Kila nikikaa, naisoma kwanza, kisha narudi kwenye sentensi ileile: nafuta "alifika", naweka "aliwasili", nafuta "aliwasili", narudisha "alifika". Karatasi ikajikunja pembe, gundi ikakauka, nikaibandika upya. Miaka 6, kurasa 11.

Mwaka 1966 B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, alitofautisha tabia inayofinyangwa na matokeo yenyewe na tabia inayoongozwa na kanuni, yaani maneno yanayokueleza kwamba ukifanya hivi, kitafuata hiki. Mfano wake ni mhunzi anayemtungia mwanafunzi shairi fupi la namna ya kuvukuta. Mhunzi alijifunza kwa mikono yake na moto wake. Mwanafunzi anaanza vizuri siku ya kwanza kwa sababu ya shairi. Hapo kanuni ni neema kabisa.

Lakini kuna majaribio ya maabara ambapo watu walibonyeza kitufe ili wapate pointi. Utaratibu ulipobadilishwa kimyakimya, walioelekezwa namna ya kubonyeza mara nyingi waliendelea vilevile huku pointi zikiwapotea. Waliojigundulia wenyewe walibadilika upesi zaidi. Nilipoyasoma hayo nilisimama kitini. Nilijiona mimi na ukurasa wangu.

Mwaka 1982 wanasaikolojia Zettle na Hayes walieleza kwamba mtu anaweza kufuata kanuni kwa ajili ya aliyeitoa, au kwa sababu ndivyo mambo yalivyo kweli. Mimi nilikuwa namtii mtu. Mwalimu yule aliwahi kuukunja ukurasa wangu mbele ya wenzangu, akasema "Bado." Linaniuma mpaka leo. Miaka yote ile nilikuwa nangoja akubali, na yeye alikwisha kuacha kunisoma zamani.

Basi ndugu yangu, kabla hujajiita mvivu, jiulize kanuni yako imetoka kinywani mwa nani. Kisha tazama inakuletea nini. Mimi niliibandua ile, nikajipa nyingine: kurasa 2 kila asubuhi, mbovu zibaki mbovu, na nikimaliza natia alama kwenye kalenda. Alama ya jana ilinivuta kwenye ya leo. Tazama matokeo, nakwambia tena, na yawe ya karibu! Kanuni inayokuahidi faida ya mwakani haina nguvu mbele ya usingizi wa asubuhi hii.

Niandikie tena. Safari hii nitajie kanuni moja tu, pamoja na kilichotokea mara tu ulipoifuata.