Maswali yenu: malengo baada ya kuumia uti wa mgongo

Kaka yangu kila nikimuuliza lengo lake anasema kutembea tu. Nimwambie aachane nalo?

Usimkatalie, usimuahidi pia. Kama atatembea au la daktari wake ndo wa kumjibu kulingana na jeraha lilivyo. Wewe muulize, ukitembea cha kwanza utafanya nini? Hapo ndo mambo yanatoka, mwingine atakwambia anataka kwenda chooni bila kuita mtu, mwingine anataka kumbeba mwanae, basi anza na hilo wiki hii hii na la kutembea liache palepale maana ni lake. Naomba sana ndugu msiwachagulie watu wazima malengo, lengo ulilompangia wewe ataliacha siku ukiondoka.

Nataka kuhama kitandani kwenda kwenye wilchea mwenyewe, mbona kocha wa mazoezi ananifundisha kukaa tu?

Kwa sababu usipoweza kukaa bila kuanguka huwezi kuhama salama. Ukifika hatua hiyo funga breki, inama mbele, kichwa kikienda kushoto makalio yanaenda kulia, na uyanyanyue kabisa usiyaburute, ngozi isiyo na hisia inachubuka hujui na kidonda kinaweza kukulaza miezi.

Niliumia shingoni, vidole havifanyi kazi ila kifundo cha mkono nakinyanyua. Kijiko nitashika?

Inawezekana kabisa! Jaribu, nyanyua kifundo uone vidole vinavyojikunja vyenyewe, kilegeze vinafunguka, huo ndo mshiko wako. Ila anayekunyoosha viungo mwambie asinyooshe vidole na kifundo kwa wakati mmoja, kano zikilegea mshiko unapotea. Anza na vitu vyepesi, kijiko chenye mpini mnene kinasaidia.

Nataka kurudi kazini ila naogopa haja kubwa kunitoka.

Panga muda mmoja wa choo kila siku, baada ya kula ni vizuri, na uanze wiki kadhaa kabla ya kazi ili mwili uzoee.

Nikiwa mazoezini kichwa kinagonga ghafla na uso unatoka jasho, nivumilie?

Hapana jamani, acha hapohapo! Kwa walioumia kuanzia pingili ya 6 ya uti wa mgongo usawa wa kifua kwenda juu hiyo inaweza kuwa presha imepanda vibaya, mara nyingi kibofu kimejaa au katheta (mpira wa kutolea mkojo) imejikunja. Kaa wima, legeza nguo na mikanda, kagua katheta, isipotulia haraka wahi hospitali na uwaambie umeumia uti wa mgongo.