Confused na confusing, kwa mnaoanza kutembeza wageni Lamu

Wadogo zangu mnaoanza kutembeza wageni hapa Amu, kingereza mmetoka nacho shule sawa, lakini kuna neno litawaaibisha hapo jeti ya boti mchana kweupe, nalo ni confused, mimi lilinipata mwaka wa kwanza tu wa kazi.

Nilikuwa na wageni wawili wa kwenda Takwa, yale magofu ya kisiwa cha Manda, nikawaambia tuonane at two, kichwani mwangu ni saa mbili asubuhi maji yamejaa. Wao wakaja saa nane mchana! Na Takwa mnaijua, ule mkondo wa kwenye mikoko maji yakikupwa boti haiingii. Yule mama akaniambia "I'm confused", nami kwa adabu zangu zote nikamjibu "yes madam, you are confusing". Nahodha kingereza anakijua kuliko mimi, alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa shikeni hapa. Confused ni aliyechanganyikiwa, confusing ni kile kinachochanganya watu. Yule mama alikuwa confused, saa zangu ndo zilikuwa confusing, kwa hivo mimi nimekosa halafu nikamwambia yeye ndo anavuruga watu. Kiswahili hukosei hapo, nimechanganyikiwa na inachanganya nani asiyejua tofauti, kumbe kingereza ni kamkia tu mwishoni.

Halafu hili kuchanganya letu limebebeshwa mizigo kama punda, chai na maziwa tunachanganya, majina ya watu tunachanganya. Wao maziwa ni mix, majina ni confuse ama mix up. Kwa mfano wageni wengi confuse Manda with Lamu, na hawana makosa, tiketi imeandikwa Lamu ndege inatua Manda mtu bado apande boti.

Mgeni mzee usimwambie "you are confused" hata akiwa amepotea vichochoroni, hospitali zao hulitumia kwa mgonjwa asiyejua yuko wapi wala leo siku gani. Sema "sorry, that was confusing", kosa libebe wewe, haikupunguzii kitu.

Bewildered na perplexed, maana ni ile ile ya confused, mtayasoma tu. Discombobulated nalo ni confused la mzaha la Wamarekani, airport ya Milwaukee ukishakaguliwa kuna kibao Recombobulation Area, hapo ndo mtu avae viatu na mkanda ajipange upya (wallahi).

Na saa, siku hizi nasema eight in the morning na namuonyesha kwenye simu.