Kuku kunyonyoka mgongoni
Umeuliza kama tetea wako kunyonyoka manyoya mgongoni ni kideri (ugonjwa wa Newcastle). Si kideri, ndugu, anayemnyonyoa ni jogoo. Tetea akinyonyoka mgongoni na kisogoni tu, huku anakula na kutaga kama kawaida, ni kucha na mdomo wa jogoo anapompanda. Jogoo mmoja anatosha matetea 8 hadi 10. Ukiweka majogoo wawili kwa matetea watano, kama wengi tunavyofuga huku Masasi, lazima migongo ibaki wazi. Kuku anayepukutisha manyoya ya zamani ili yaote mapya kwa kawaida huanzia kichwani na shingoni, na mayai husimama. Ila ili uhakikishe si utitiri (wadudu wadogo wafyonza damu), kamulike nyufa za banda usiku, maana hujificha humo mchana. Ongeza mashudu ya ufuta au dagaa, maana unyoya karibu wote ni protini.