Kwa nini Ulaya ilichelewa kutengeneza porselini

Mkuu, umeuliza kwa nini Ulaya, pamoja na wafinyanzi wake hodari, iliendelea kununua porselini ya China (vyombo vyeupe, vigumu, vya udongo uliochomwa kwa moto mkali) kwa karne nyingi. Ufundi wa mikono ulikuwepo. Kilichokosekana ni udongo sahihi na moto wa kutosha.

Kwa kuwa porselini inapitisha mwanga, wengi Ulaya waliidhania ni jamii ya kioo. Ndiyo maana Florence, karne ya 16, na baadaye Ufaransa, walichanganya udongo mweupe na unga wa kioo. Vyombo vilipendeza, ila vilikuwa laini na vilipinda kwa urahisi tanurini.

Jibu lilipatikana Saxony, Ujerumani. Johann Friedrich Böttger, kijana aliyedai anajua kutengeneza dhahabu, alishikiliwa na mtawala Augustus ili aitengeneze kweli. Dhahabu haikupatikana. Akiongozwa na mwanasayansi Tschirnhaus (ambaye kwa maoni yangu anasahauliwa isivyo haki), akageukia udongo, na kufikia 1708 walipata mchanganyiko wa kaolini (udongo mweupe unaostahimili moto mkali) na alabasta (jiwe laini jeupe). Kaolini hushikilia umbo, alabasta huyeyuka na kuziba vitundu. Baadaye feldspa (madini ya mwamba) ilichukua nafasi ya alabasta. Kiwanda cha porselini katika mji wa Meissen, Saxony, kilianzishwa 1710.

Chombo huchomwa kwanza karibu nyuzi 900 za Selsiasi, kisha huchovywa kwenye uji wa kuking'arisha na kurudishwa motoni, karibu nyuzi 1,400. Hapo hunywea kwa takriban sehemu moja ya sita, hivyo fundi hukifinyanga kikubwa tangu mwanzo.

Siri haikukaa: mwaka 1719 fundi Samuel Stölzel alitoroka nayo hadi Vienna.